Ulimi Kati ya Meno

Mwalimu wetu wa Kihispania alitoka Kolombia, na kosa lake lilikuwa sauti moja tu. Nasema kosa kwa sababu ndivyo idara ilivyoliita. Kwao herufi z hutamkwa kama s yetu ya sukari, na c nayo vivyo hivyo ikitangulia e au i. Hispania, au tuseme ile sehemu ya Hispania iliyorekodi kanda za vitabu vyetu, herufi hizo hutamkwa kwa kuuchomoza ulimi kidogo kati ya meno, kama th ya thelathini. Basi. Hiyo ndiyo kesi nzima, na ilitosha kumtia mama wa watu tumbo joto muhula mzima.

Mimi nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya biashara ya kimataifa, kwa Kichina, katika chuo kimoja hapa Guangzhou. Kihispania nilikichukua kama somo la ziada, na sababu yake ilikuwa riziki. Wanunuzi wa jinzi kule Xintang walikuwa wakija kutoka Meksiko na Peru, na wenye viwanda walikuwa wakitafuta yeyote anayeweza kuongea nao bila kutumia mikono. Kichina cha kubishania bei nilishakijua. Nikajiambia lugha moja zaidi haitaniua.

Darasani nilikuwa Mwafrika peke yangu na mkubwa wa wote kwa umri. Wenzangu wa Kichina waliteseka na ile r ya kutetemesha ulimi, wakiifanyia mazoezi kwenye korido mpaka mate yakawakauka. Mimi nilikuta chakula mezani. Irabu za Kihispania ni zetu zilezile, a e i o u, haziongezeki wala hazipungui, na silabi zinatembea kwa mwendo tunaoujua. Ningeweza kukusomea ukurasa mzima bila kuelewa neno hata moja, nawe ukadhani nimekulia huko. Mwalimu alifurahi mno. Akaanza kuniita mija, ambalo kwao ni kama kusema mwanangu wa kike, ingawa tulipishana miaka michache tu.

Nilimpenda mwanamke yule. Alikuwa anawafokea wanaochelewa, halafu kabla hajamaliza kufoka ameshawasamehe na kuwauliza kama wamekula. Ofisi alichangia na kijana kutoka Hispania, mpole, mwenye ndevu, ambaye naye alifundisha Kihispania. Wanafunzi walimletea mwalimu wangu maswali ya sarufi, akawaeleza mpaka wakaelewa, kisha wakavuka hatua mbili hadi meza ya pili kumwomba yule kijana awarekodie maneno kwenye simu, ili wapate matamshi halisi. Halisi! Na yeye amekaa pale pale anasikia. Hakuwahi kunilalamikia, lakini siku hizo alikuwa akitoka ofisini na kunywa kahawa yake ngazini.

Kisha akaja mkuu mpya wa idara. Mkataba wa mwalimu ulikuwa unaisha kiangazi, na mkuu akatangaza kwamba kabla ya kuongezewa muda, kila mwalimu mgeni atafundisha kipindi kimoja mbele ya wakaguzi. Akamwita mwalimu wetu pembeni akamwambia, kwa heshima zote, kwamba baadhi ya wanafunzi wamelalamika. Matamshi yake si sanifu.

Anayeishi ugenini anajua maana ya hilo. Mkataba ndio kibali cha kuishi. Mkataba ukikatika, kibali kimekatika, na mwalimu pamoja na binti yake wangefunga mizigo kwenda Baiyun kupanda ndege. Baba wa mtoto alishaondoka zamani na habari zake hazikuwa zikitajwa. Yule binti alikuwa amefika hapa bado anabebwa. Sasa alikuwa anasoma shule ya msingi, anagombana na watoto wa jirani kwa Kikantoni, na Kihispania chake kilikuwa cha kujibia mama tu. Kolombia alikuwa anaijua kwa picha. Mwalimu alikuwa na hofu juu ya huyo kuliko juu yake mwenyewe.

Neno hilo, sanifu, lilinichoma mimi kuliko lilivyomchoma yeye. Mimi ni mtoto wa Tabora. Kwetu th na s ni mtu na pacha wake, hakuna anayewatenganisha. Nilipopelekwa sekondari Dar es Salaam nilisimama kwenye mdahalo, shati limepigwa pasi, nikatangaza kwa sauti kuu kwamba vijana wa leo hawajui samani ya elimu. Msichana mmoja wa Tanga akanyoosha mkono akauliza, "Samani ipi, kabati au kitanda?" Ukumbi ulipasuka. Nikaitwa Kabati mpaka kidato cha nne, na hata walimu wawili watatu waliniita hivyo. Nilijifunza th kwa hasira, mbele ya kioo cha bwenini, nikiung'ata ulimi mpaka ukauma. Thamani, thawabu, thumni, methali. Sasa naitamka vizuri kuliko wenyewe, na bado nikisikia mtu anaitwa si sanifu damu inanipanda.

Ndiyo maana mwalimu aliponisimamisha baada ya kipindi sikushangaa sana. Tuliongea kama tulivyozoea, Kichina cha kuungaunga na Kiingereza cha kuzibia mapengo.

"Mija, nimekusikia ukiongea na simu. Lugha yenu ina ile sauti."

"Ipo. Lakini ya kwangu ni ya kununua, sikuzaliwa nayo."

"Basi niuzie," akasema. Hakuwa anatania.

Jumapili nilikuwa nafanya kazi Zhongda, kwenye soko la vitambaa, nikimkalimania mama mmoja wa Unguja aliyekuwa akinunua vitambaa vya mapazia na satini za kupeleka nyumbani. Nilimwita shangazi, maana mtu mzima ugenini huwezi kumwita jina. Mwalimu akaja kunikuta huko huko. Alitaka kitambaa cha kushonea koti la siku ya ukaguzi, na mara moja nikaona kwamba hakuwa mgeni wa kitambaa. Alikishika kwa kidole gumba na cha shahada, akakigeuza upande wa ndani, akavuta uzi mmoja. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema mama yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alikuwa akifanyia kazi za shule chini ya meza ya kukatia.

Shangazi alikuwa amebanana na mwenye duka.

"Tai gui le, laoban! Ghali mno hiyo, utaniua. Nishushie kidogo, mie mteja wako wa kila safari."

"Meiyou, meiyou," alijibu yule mama mwenye duka, akipunga mkono kwamba hakuna, bei ndiyo hiyo.

Sisi tukaketi juu ya marobota pembeni, tukaanza. Zapato, kiatu. Cielo, mbingu. Nikamwonyesha ulimi unapokaa. Ulimtoka wote. Akajaribu tena, ukaja upepo mtupu. Shangazi aliposikia vile vishindo vya mate akaacha bei yake akatugeukia.

"Mwalimu mzima anafunzwa kusema?"

Nikamweleza yote, mkataba, kanda, mtoto. Shangazi alisikiliza huku akipima satini kwa mkono.

"Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho," akasema. "Si mkataba anautaka? Autoe huo ulimi."

"Na mwacha asili ni mtumwa, shangazi."

"Asili haigongi viza, mwanangu. Mwambie auume kidogo tu, asiutoe wote kama mbuzi kaona jani." Akasogea, akamshika mwalimu kidevu kama anamlisha dawa. "Sema nami. Thawabu."

"Thawabu," akasema mwalimu, na ikatoka safi.

Mwenye duka alidhani tumepata mchezo, naye akajaribu. Kwake ikawa sawabu, kama kwetu Tabora. Tukacheka wote wanne mpaka wateja wa duka la pili wakachungulia. Siku ile nilifurahi kweli. Niliona jambo linaenda.

Tuliendelea kwenye treni ya chini ya ardhi, kwenye foleni ya kantini, mbele ya lifti. Akiwa ameshika karatasi hakukosea. Macho yalikuwa yanamwonyesha z iko wapi na s iko wapi. Shida ilikuja akiongea bila karatasi. Ulimi ukishazoeshwa kutoka, hutoka hata pasipo mwito. Akaanza kuitia th kwenye maneno ambayo hata Hispania wanayasema kwa s. Ugonjwa huo naujua. Ni ugonjwa wetu watu wa bara tukishaona aibu ya s yetu. Nimewahi kumsikia mshereheshaji wa harusi, suti nyeusi, anaomba "thamahani" kwa bwana harusi. Nikamwambia mwalimu ajihadhari. Akasema siku ya ukaguzi hataiachia karatasi.

Siku ikafika. Mkuu wa idara aliketi nyuma na wakaguzi wengine wawili, na yule kijana wa Hispania naye akakaribishwa, maana yeye alikuwa ndiye mizani. Mwalimu alivaa koti lile jipya, la kijani iliyokolea, alilolishona mwenyewe. Somo lilikuwa wakati uliopita wa mazoea, ule unaosimulia mambo mtu aliyokuwa akiyafanya zamani kila siku. Alisoma kifungu cha kwanza. Kila z ilikaa mahali pake. Mkuu alikuwa anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, na mimi kwenye kiti changu nilikuwa natamka pamoja naye, midomo imefungwa.

Lakini somo lile halifundishiki kwa karatasi. Lazima utoe mfano wa utoto wako, na utoto hakuna anayeusoma. Akaweka karatasi mezani. Akasema alipokuwa mdogo walikaa kwenye mtaa wa mlimani, nyumba moja na cherehani ya mama yake. Akataka kusema: mama yangu alikuwa akishona sare za watoto wa mtaa mzima.

Kwao neno la kushona na neno la kuchemsha yanasikika sawasawa. Hispania wameyatenganisha, kushona kwa s, kuchemsha kwa th. Ulimi wake ukatoka.

"Mama yangu," akasema mbele ya wakaguzi, "alikuwa akichemsha sare za watoto wa mtaa mzima."

Hakuna aliyecheka. Wenzangu hawakuwa watu wa kumcheka mwalimu. Ila msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye bidii kuliko sisi wote, alinyoosha mkono akauliza kwa Kihispania kilichopangiliwa vizuri kama alikuwa akizichemsha ili kuua vijidudu. Aliuliza kwa nia njema kabisa, na kalamu mkononi ili aandike jibu. Yule kijana wa Hispania akaziba mdomo akajifanya anakohoa. Mkuu akatazama viatu vyake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kichwani nilimwona binti yake yupo uwanja wa ndege na begi lake la shule.

Uso ulimwiva mwalimu, kisha ukatulia. Aliposema tena alisema kwa s yake, ya nyumbani kwao.

"Alishona," akasema. Akakunja pindo la koti lake, akatembea mstari wa kwanza hadi wa mwisho akionyesha mishono ya ndani. "Hivi. Kwa sindano. Kwetu kushona na kuchemsha ni sauti moja, na maisha yangu yote sijaona mtu akimpelekea fundi viazi, wala akitia suruali sufuriani."

Hapo ndipo darasa lilipocheka, kicheko cha kufunguka, na hata mkaguzi mmoja alicheka. Hakuichukua tena karatasi. Akawauliza, na bibi zenu walikuwa wakifanya nini? Mikono ikainuka. Watu ambao muhula mzima walikuwa wakijibu ndiyo na hapana wakaanza kusimulia bibi aliyekuwa akianika samaki juu ya paa, bibi aliyekuwa akiimba kwenye foleni ya mchele, bibi aliyekuwa akimficha babu sigara. Yule msichana wa mbele alisimulia habari ya babu yake mpaka sauti ikamtetemeka, na hakukosea kitenzi hata kimoja. Nimekaa madarasani miaka mingi, nyumbani na hapa, na sijaona kipindi kizuri kuliko kile. Nilitoka kifua mbele. Nilidhani tumeshinda.

Wiki iliyofuata mkuu alimwita. Mwalimu alinisimulia mchana wake, kwenye duka la tambi nyuma ya chuo, akiwa amevaa koti lile lile.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingenirahisishia. Alimmiminia chai. Akakisifia kipindi, akasema wakaguzi wamefurahi. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe alijifunza Kihispania akiwa kijana, katika mji usio na mgeni hata mmoja, kwa kaseti. Sauti ile ya kwenye kaseti ndiyo iliyokuwa mwalimu wake pekee, na mtihani wa taifa mpaka leo unasomwa kwa sauti kama ile. Wanafunzi wanataka alama. Kumbe yule kijana wa Hispania alikuwa ameshamtetea: alimwambia mkuu kwamba bibi yake mwenyewe, wa kusini mwa Hispania, anatamka s kama mwalimu wetu, na hakuna aliyewahi kumwambia hajui lugha yake. Mkuu alimjibu kwa upole, "Bibi yako hatungi mtihani."

Basi akampa mkataba wa mwaka mmoja. Sharti lilikuwa moja tu. Atafundisha sarufi na uandishi, ila matamshi na kusoma kwa sauti vitafanywa na kanda. Yeye asiwasomee wanafunzi.

Niliweka vijiti chini. "Kataa!"

"Mija."

"Kataa! Mwalimu wa lugha asiyeruhusiwa kuisema? Hiyo ni kazi au adhabu? Rudi umwambie akaiajiri hiyo kanda, ije ifundishe na sarufi!"

Watu wa meza ya pili waligeuka. Yeye alisubiri nimalize, akikoroga mchuzi wake.

"Binti yangu ana shule," akasema. "Ana rafiki anayelala kwetu kila Ijumaa. Hajui hata kuuliza njia katika mji niliozaliwa mimi. Hasira zako ni nzuri, mija, lakini hazina mtoto."

Nikavishika tena vijiti. Tukala tambi zikiwa zimepoa. Kesho yake akatia sahihi.

Muhula mpya ulianza kwenye chumba kile kile. Mwalimu aliingia, akawafokea waliochelewa, akawasamehe. Kisha akabonyeza kitufe, na sauti ya mwanamume fulani wa Hispania ikaanza kusoma kifungu, nzito, bila haraka. Yeye alisimama pembeni mwa spika, midomo imefungwa, akifuata mistari kwa kidole. Mwanamke yule hakuwahi kunyamaza hivyo mbele yetu. Nilishindwa kumtazama, nikatazama dirishani.

Sauti ilipomaliza, mwalimu aliniita nisome mimi.

Nilisimama nikasoma kwa s yake. Kila z, kila c, niliisema kama anavyoisema yeye, kama watu wa mtaa wake wa mlimani, na niliongeza sauti ili mkuu, ofisini kwake ng'ambo ya korido, asikie akitaka. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na upendo, na nilitaka avipate vyote viwili. Nilijua nikimaliza atatabasamu.

Aliniacha nifike nukta ya mwisho.

"Vizuri," akasema kwa Kichina. "Sasa rudia mstari wa tatu. Ulimi utoke."

Nikamtazama. Hakukwepa macho yangu, wala hakuyaomba kitu. Wenzangu walikuwa wanasubiri, kalamu mkononi. Nikarudia mstari wa tatu kama kanda ilivyousema, sauti baada ya sauti, na yeye akatikisa kichwa kwamba ni sahihi, akamwita mwanafunzi wa pili. Tangu asubuhi ile darasani kwetu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekiongea Kihispania kama mwalimu wake, hata mimi.